Naomba muongozo: Roma na mama mzazi kabla ya kupanda meli Civitavecchia

Mtoto wa Mwalimu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi wa kumi, Mungu akitujalia, tunasafiri watatu: mimi, mke wangu na mama yangu mzazi, mwalimu mstaafu wa miaka sabini. Tumelipia safari ya meli ya kitalii inayong'oa nanga bandari ya Civitavecchia Jumapili saa kumi na moja jioni. Inapita visiwa vya Ugiriki, inagusa Kuşadası kule Uturuki, kisha inarudi palepale. Pesa ya meli imeshatoka. Tiketi za ndege na hoteli bado, maana nataka kwanza nijue tufike Roma lini na tulale upande gani.

Meli ni wazo letu mimi na mke wangu. Mama anaifuata Roma. Picha ya Basilika ya Mtakatifu Petro imening'inia sebuleni kwake tangu tukiwa wadogo, na sasa anataka pia kusali kwenye kaburi la hayati Papa Francisko. Hayo mawili hayaguswi. Mengine yote yanaweza kusogea.

Rasimu yangu ni hii. Alhamisi asubuhi tunatua, tunaweka mabegi hotelini, tunakwenda Colosseum na magofu ya Forum. Ijumaa asubuhi Makumbusho ya Vatikani, mchana Basilika ya Mtakatifu Petro, jioni chemchemi ya Trevi, Pantheon na Ngazi za Kihispania. Jumamosi basilika tatu za kipapa zilizobaki, katakombe (yale makaburi ya kale ya chini ya ardhi), na jumba la sanaa la Borghese. Jumapili saa sita mchana sala ya Malaika wa Bwana pamoja na Papa uwanjani, kisha treni hadi bandarini.

Mama anatembea vizuri kwa mwendo wake, ila magoti yake hayapatani na ngazi ndefu. Hoteli nimewaza karibu na stesheni kuu ya Termini. Naomba mnikosoe bila kunionea haya.

Nawasilisha.

Kaptula

Nakaa hapa nifuatilie, na sisi tunapanga ya kwetu mwakani. Wazo langu: kwa watu watatu kodini gari uwanja wa ndege, mzunguke nalo mjini, Jumapili mlirudishe Civitavecchia. Mama hatachoka.

Mkazi wa Esquilino

Kaptula, gari ndani ya Roma nakukatalia kabisa. Katikati ya mji kuna maeneo ambayo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia saa fulani. Lango ni kamera tu, hakuna askari wa kukusimamisha. Unapita bila kujua, na faini inakufuata miezi baadaye kupitia kampuni iliyokukodisha gari. Na hata ukikwepa kamera, maegesho utayatafuta mpaka mama asinzie.

Sasa Mtoto wa Mwalimu. Hongera kwa kumsafirisha mzazi. Naishi huku, na wasafiri wa meli nawaona kila msimu wakikokota mabegi juu ya mawe ya barabarani, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu.

Umeanza na orodha ya vitu vya kuona. Weka orodha pembeni, chukua kalenda ya juma. Hapa kila mahali pana siku yake ya kufunga. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo kuingia ni bure hadi mchana na foleni inaufuata ukuta hadi inapotea machoni. Jumba la Borghese hufungwa Jumatatu. Katakombe za Mtakatifu Kalisto hufungwa Jumatano. Jumapili ya kwanza ya mwezi Colosseum ni bure, na umati wake unalingana na bei hiyo. Jumatano asubuhi Papa akiwa na katekesi, yaani mafundisho yake kwa mahujaji, uwanjani, Basilika ya Mtakatifu Petro huwezi kuingia mpaka amalize. Siku zako za Alhamisi hadi Jumapili zimekwepa karibu mitego yote hii, lakini zimekukosesha kitu kimoja ambacho mama yako angekithamini kuliko Colosseum. Namwachia Dada Rozari akueleze, najua atapita hapa.

Siku ya kutua usiinunulie tiketi yoyote yenye saa. Ndege ya usiku kucha, foleni ya uhamiaji, halafu mzee wa miaka sabini asimamishwe kwenye jua la Forum? Isitoshe, tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja na mpaka mmoja, zimeanza kusajili alama za vidole na picha za wageni mpakani, na foleni haitabiriki. Siku hiyo mle, mlale, jioni mtembee taratibu karibu na hoteli. Basi.

Kuhusu Colosseum yenyewe. Tiketi ya kawaida ni yuro 18, inajumuisha Forum na kilima cha Palatino, na ina jina la mtu, kwa hiyo jina lifanane na lililo kwenye pasipoti, na pasipoti uende nayo. Huanza kuuzwa mtandaoni siku thelathini kabla, na saa nzuri huisha haraka sana. Weka alama kwenye simu yako. Kuna tovuti nyingi zenye sura ya ofisi ambazo ni za walanguzi, nunua ya kwenyewe. Ndani kuna lifti, mama atafika ghorofa ya juu bila kuhangaika. Forum ndiyo ngumu: njia ya mawe makubwa ya kale, yamelika na yameinuka huku na huku. Kama magoti yatagoma, pandeni teksi mpaka kilima cha Campidoglio, mzunguke nyuma ya jumba la manispaa. Pale kuna baraza inayoitazama Forum yote kutoka juu, bure, na jua la jioni linaangukia nguzo vizuri kabisa. Binafsi naona mtu anaielewa Forum zaidi akiwa pale juu kuliko akiwa chini katikati ya vifusi.

Katakombe ziondoe. Ni ngazi za kushuka na kupanda, njia nyembamba, baridi ya chini ya ardhi, na ziko nje ya mji kwenye Via Appia. Borghese nayo iondoe, ingawa inaniuma kusema hivyo, maana sanamu ya Apollo na Daphne aliyoichonga Bernini kati ya 1622 na 1625 ni kitu ambacho mtu akikiona hakisahau. Lakini Borghese wanakupa saa mbili kamili kwa tiketi uliyoiwekea nafasi mapema, na Jumamosi yako tayari ina basilika tatu. Ukijaza siku namna hiyo, mama atakuwa anaingia kanisani akiwaza kiti.

Dada Rozari

Tumsifu Yesu Kristo. Mkazi ananijua.

Kaka Mtoto wa Mwalimu, tiketi ya ndege hujanunua, kwa hiyo sikiliza: fika Jumanne. Jumatano asubuhi Papa Leo XIV akiwepo Roma hufanya katekesi kwa mahujaji, na huanza kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Tiketi ni bure, haziuzwi popote. Mtu akikuuzia ujue anakuuzia kazi ya kwenda kuzichukua. Unaziomba mapema Ofisi ya Nyumba ya Kipapa, kisha unazichukua mchana wa siku iliyotangulia kwa Walinzi wa Uswisi, wale askari wa Papa, kwenye Mlango wa Shaba, upande wa kulia wa uwanja ukiikabili basilika. Ndiyo maana nasema Jumanne, na ndege ifike asubuhi. Kabla ya kununua tiketi angalia kalenda ya Papa ya juma hilo, kwa sababu akiwa ziarani nje hakuna katekesi.

Sala ya Malaika wa Bwana siku ya Jumapili ni nzuri, lakini Papa anakuwa dirishani, mbali, na watu wote wamesimama. Kwenye katekesi kuna viti, na mahujaji wanatajwa kwa makundi na lugha zao. Kwa mwalimu mstaafu mwenye magoti yanayouma, sioni cha kulinganisha. Nendeni mapema sana, saa moja hivi asubuhi muwe mmeshapanga mstari wa ukaguzi, mkiwa na maji na kofia.

Halafu kaburi la Papa Francisko. Wengi hulitafuta Vatikani. Haliko huko. Alizikwa Basilika ya Bikira Maria Mkuu, ile wanayoiita Santa Maria Maggiore, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Termini. Alichagua mwenyewe, karibu na kikanisa chenye picha ya Bikira Maria aliyokuwa akisali mbele yake kabla na baada ya kila ziara yake ya kitume. Kaburi ni la marumaru ya Liguria, limeandikwa neno moja tu, Franciscus. Nendeni asubuhi mapema, kuna nafasi ya mama kusimama bila kusukumwa. Kuingia ni bure.

Mtakatifu Yohane wa Laterano mtafika kwa metro mstari A, kituo cha San Giovanni, na Mtakatifu Paulo nje ya Kuta kwa mstari B, kituo kina jina la basilika yenyewe. Msizifanye zote siku moja na Bikira Maria Mkuu kama mama amechoka. Laterano ndilo kanisa kuu la jimbo la Roma, wengi hawajui, wanadhani ni Mtakatifu Petro. Ng'ambo ya barabara kuna Ngazi Takatifu, ngazi 28 ambazo mahujaji huzipanda kwa magoti. Mama asijilazimishe. Kuna ngazi za kawaida pembeni.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, kwa wote, wanaume pia. Khanga moja kwenye mkoba inatosha kuokoa siku.

Mtoto wa Mwalimu

Dada Rozari, nimemsomea mama ujumbe wako kwenye simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Hiyo Jumanne ni lazima iwe asubuhi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi tafuta ndege ya asubuhi. Kwa hiyo hilo limekwisha, tunafika Jumanne.

Mkazi, Borghese na katakombe nimezifuta. Mke wangu amekubali shingo upande kuhusu Borghese.

Yaliyobaki: hoteli Termini au upande wa Vatikani? Jumapili tutoke Roma saa ngapi? Kuna rafiki ananishauri usiku wa mwisho tulale Civitavecchia kabisa. Na suala la viza: tunatumia pasipoti za Tanzania, wakala mmoja ametuambia viza ya kuingia mara moja inatosha kwa sababu "mnalala melini".

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, anza na hilo la viza, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukuachia mama bandarini.

Meli yako inagusa Kuşadası. Uturuki haimo Schengen. Ikitoka Ugiriki kwenda Uturuki umetoka Schengen, ikirudi Italia umeingia upya. Kulala melini hakubadilishi kitu. Ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na kwenye maombi muambatishe ratiba kamili ya meli, bandari kwa bandari, ili afisa aone mwenyewe sababu. Hali ni ileile meli inapogusa Albania, Montenegro, Misri au Tunisia. Malta na Kroatia zimo Schengen, hazina tatizo. Masharti ya Uturuki yenyewe kwa abiria wa siku moja yaulizeni kwa kampuni ya meli kwa maandishi, na jibu mlitunze.

Maombi mnapeleka ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, nchi mtakayoingia kwanza. Hesabuni siku zenu za Roma, kwa jinsi mlivyopanga inaelekea Italia. Dirisha la maombi ni kuanzia miezi sita hadi siku kumi na tano kabla ya safari, ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya afya isipungue yuro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Msingoje dirisha likaribie kufunga.

Sasa Jumapili. Saa kumi na moja jioni ni saa ya meli kuondoka. Mlango wa kuripoti unafungwa kabla ya hapo, mara nyingi saa moja au moja na nusu kabla, na saa kamili imeandikwa kwenye tiketi yako. Bandari haisubiri mtu aliyekwama kwenye treni. Meli zinazosubiri ni kwa wale waliochukua matembezi ya meli yenyewe, na nyinyi mtakuwa mnatoka kivyenu.

Treni za kawaida za mkoa kutoka Roma kwenda Civitavecchia ni nyingi, bei yake ni yuro tano hivi, mwendo ni kati ya dakika arobaini na tano na saa moja na robo kutegemea treni na stesheni uliyopandia. Tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda, vinginevyo ni faini hata kama umelipa. Mkishuka Civitavecchia, kuna basi la kulipia kutoka stesheni hadi Largo della Pace, na kutoka hapo mabasi ya bandari huwapeleka abiria hadi kwenye meli bure. Usidhani utatembea tu mpaka melini, bandari ni kubwa mno.

Na kuna jambo la migomo. Usafiri wa Italia hugoma mara kwa mara, lakini migomo hutangazwa mapema, na wizara ya uchukuzi ina orodha mtandaoni. Siku za kazi, hata kukiwa na mgomo, kuna treni za mkoa zilizohakikishwa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Jumapili dhamana hiyo haipo. Kwa hiyo wiki ile tazameni orodha, na mkiona mgomo wa Jumapili, wekeni gari la kukodi lenye dereva siku mbili kabla. Kwa watu watatu gharama inavumilika.

Kulala Civitavecchia usiku wa mwisho? Hapo nafikiri rafiki yako ana hoja. Mtaamka na bahari mbele yenu na presha imekwisha. Mji wenyewe una historia, bandari ilijengwa na Mfalme Trajan mwanzoni mwa karne ya 2, na ngome ya Michelangelo ipo palepale ufukweni.

Dada Rozari

Nahodha, shikamoo. Yote nakubali isipokuwa kulala Civitavecchia. Kuhama hoteli ni nusu siku: kufunga mabegi, treni, kufungua tena, kwa ajili ya usiku mmoja. Na Jumamosi ya mwisho Roma mama angekuwa na jioni yake ya kurudi Mtakatifu Petro taa zikiwashwa, watu wamepungua. Wakilala karibu na stesheni ya San Pietro, treni za Civitavecchia zinapita pale pale, na ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu kutoka uwanjani. Stesheni ni ndogo. Termini, majukwaa ya treni hizo yako mwisho kabisa, unatembea na mabegi mpaka unajiuliza kama umepotea.

Nahodha Mstaafu

Marahaba, binti yangu. Hoja ya San Pietro sikuifikiria, nayo inatosha. Basi walale Roma, lakini Jumapili saa tano asubuhi wawe ndani ya treni. Kwa sharti hilo nimeridhika.

Mkazi wa Esquilino

Nakaa jirani na Termini na bado naungana na Dada. Kwa safari hii, hoteli iwe upande wa Vatikani. Kama mngekuwa vijana mnaotaka makumbusho na migahawa ya usiku ningesema mitaa ya Monti au Trastevere, lakini mguu wa mama uamue. Hakikisheni hoteli ina lifti inayoanzia chini kabisa. Majengo mengi huku ni ya zamani, lifti inaanzia baada ya ngazi kumi. Waulizeni kwa barua pepe, msiamini picha. Na hoteli itawatoza kodi ya wageni ya manispaa, kwa kila mtu kwa kila usiku, juu ya bei mliyolipa mtandaoni. Ni ya halali, msigombane na mhudumu.

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino kuna treni ya Leonardo Express, dakika 32, yuro 14, lakini inakwenda Termini tu. Ile ya bei nafuu ya yuro 8 inapita Trastevere, na hapo mnaweza kubadili kwenda San Pietro. Kwa watatu na mabegi na mama aliyekesha angani, mimi ningechukua teksi nyeupe yenye leseni kutoka kwenye foleni rasmi nje ya jengo. Wanaokufuata ndani ukumbini na kukunong'oneza bei, wapite.

Kaptula

Gari nimelifuta na mimi. Nina swali: kwani Pantheon na Trevi zinastahili? Nimeona video, watu wamejaa mpaka maji hayaonekani.

Mkazi wa Esquilino

Trevi mchana, hapana. Nendeni kabla ya saa moja asubuhi. Imekamilika 1762, imejengwa ukutani mwa jumba zima, na sauti ya maji inasikika kabla hujaiona, lakini ukifika saa nane mchana utasikia filimbi za askari wa mji tu. Sarafu mnazorusha hukusanywa na kupewa Caritas, shirika la hisani la Kanisa Katoliki, kwa ajili ya maskini, kwa hiyo mama arushe kwa moyo mweupe.

Ngazi za Kihispania ni 135 na tangu 2019 hairuhusiwi kukaa juu yake, utatozwa faini. Kwa mtu anayetafuta mahali pa kupumzika hazina maana. Zitazameni kutoka chini mpite.

Pantheon ndiyo nitakayoipigania. Watu huiweka mwisho wa orodha kwa sababu iko njiani tu, wanaingia dakika kumi wanatoka. Jengo lile lilikamilishwa wakati wa Mfalme Hadrian, karibu mwaka 126, na kuba lake la zege lisilo na nondo hata moja bado ndilo kubwa kuliko yote ya aina hiyo duniani. Upana wake ni mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi juu ni mita hizo hizo, maana yake ungeweza kutia mpira mmoja kamili ndani ya jengo. Juu katikati kuna tundu la karibu mita tisa, halina kioo. Mvua ikinyesha inaingia, na sakafu imeinama kidogo yenye vitobo vya kupitisha maji. Jua nalo linaingia kama duara na linatembea ukutani kadiri saa zinavyokwenda. Mama ni mwalimu, mkalisheni kwenye benchi nusu saa alitazame lile duara likisogea. Tangu Julai 2023 kuingia ni kwa tiketi, iliyoanza na yuro 5. Bado ni kanisa, wakati wa misa huingii kutalii, na mchoraji Raphael amezikwa humo. Hakuna ngazi ya kupanda.

Maji ya kunywa msinunue. Roma nzima kuna mabomba ya chuma ya barabarani, zaidi ya elfu mbili, yanamwaga maji safi ya baridi mchana na usiku. Kila mtu awe na chupa yake. Na kwenye basi namba 64 la kutoka Termini kwenda Vatikani mkoba uwe kifuani, wezi wa mifukoni wanalijua basi hilo kuliko dereva.

Mtoto wa Mwalimu

Nimekaa na mke wangu jana usiku, hii ndiyo ratiba mpya, nipeni baraka au mnikosoe tena.

Jumanne tunatua asubuhi, teksi hadi hoteli upande wa stesheni ya San Pietro. Mchana mimi peke yangu nakwenda Mlango wa Shaba kuchukua tiketi, wao wanalala. Jumatano katekesi, mchana mama anapumzika, jioni hakuna kitu. Alhamisi asubuhi mapema Bikira Maria Mkuu kwenye kaburi la Papa Francisko, kisha Laterano kama nguvu zipo, jioni baraza ya Campidoglio. Ijumaa Makumbusho ya Vatikani asubuhi, mchana Basilika ya Mtakatifu Petro. Jumamosi alfajiri Trevi, kisha Pantheon. Colosseum mimi na mke wangu tutakwenda mchana wa Jumamosi, mama akitaka aje, asipotaka abaki. Jumapili misa ya asubuhi, saa tano tuko kwenye treni.

Mtakatifu Paulo nje ya Kuta tumeiweka pembeni kwa sasa, inaniuma kidogo. Viza: tumewaambia wakala tunaomba ya kuingia zaidi ya mara moja, ratiba ya meli imeambatishwa.

Dada Rozari

Badilisha kitu kimoja. Makumbusho na basilika siku moja ni nyingi kwa magoti yake. Kutoka mlango wa makumbusho hadi uwanjani ni kuzunguka ukuta kwa miguu, na ndani ya makumbusho penyewe ni kilomita za kumbi mpaka ufike Kikanisa cha Sistina. Ijumaa fanyeni makumbusho tu. Tiketi ya mtandaoni ni yuro 20 na yuro 5 za kuweka nafasi, chukueni saa ya kwanza kabisa, na pale mlangoni ombeni kiti cha magurudumu, wanaazima bure. Usione aibu kumkalisha, akifika Sistina atakuwa na nguvu ya kuinua shingo atazame kazi ambayo Michelangelo aliifanya juu ya dari kati ya 1508 na 1512. Picha hairuhusiwi mle, simu mfukoni.

Basilika ihamishie Jumatano mchana, mara baada ya katekesi. Mtakuwa tayari ndani ya uwanja, mkale kidogo mtaa wa jirani, mrudi wakifungua. Sanamu ya Mama Bikira amempakata Mwanae iko kulia mara tu mkiingia, watu wengi huipita wakikimbilia katikati. Kubani asipande, ni ngazi 551, na hata ukilipia lifti zinabaki 320.

Hapo Ijumaa mchana inakuwa wazi. Mtakatifu Paulo mnamfikia kwa metro, na ndani kuna nafasi tele na viti.

Nahodha Mstaafu

Ratiba imekaa. Dawa za mama, pasipoti na karatasi za viza ziwe kwenye mkoba wa mkononi Jumapili, kwa sababu mabegi makubwa mtayakabidhi kwa wapagazi pale bandarini na huenda yakafika chumbani jioni sana. Vibandiko vya namba ya chumba vichapisheni nyumbani mvifunge kabla ya kutoka hotelini.

Mtoto wa Mwalimu

Jumatano Basilika, Ijumaa mchana Mtakatifu Paulo. Nimebadilisha. Leo nanunua ndege, na siku ya thelathini kabla ya Jumamosi ile nitakuwa macho kwa ajili ya Colosseum. Mama amesema Colosseum anakuja, lakini kwa lifti.